Programu za Kuonyeshea Kompyuta Kongwe: Suala la Kazi na Suala la Maneno

Utangulizi

Katika shule, vyuo na ofisi nyingi za nchi yetu zimo kompyuta ambazo hazitumiki tena. Nyingine zimefunikwa magunia ghalani, na nyingine zimepangwa ukutani zikingoja siku ya mnada. Aghalabu swali linaloulizwa juu yake ni moja tu: zitaondolewa lini? Katika makala haya twataka kuuliza swali jingine. Iwapo baadhi yake zitawekwa mbele ya watu ili zitazamwe, zionyeshwe zikifanya kazi gani, na kwa maneno gani?

Huenda msomaji akashangaa kuona suala la programu likijadiliwa katika jarida la istilahi. Hata hivyo mambo haya mawili hayatengani. Kompyuta iliyozimwa ni sanduku tu. Mtu akiitazama haoni inatofautianaje na redio mbovu. Kinachoifanya ijulikane kuwa ni kompyuta ni programu inayoendeshwa ndani yake, na programu huzungumza na mtazamaji kwa maneno yaliyoandikwa kwenye kioo. Kwa hiyo anayechagua programu ya kuonyesha huwa amekwisha kuchagua na lugha ya maonyesho, hata kama hakukusudia.

Mfano tutakaoutumia ni wa kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Twaichukua kata hiyo kama kielelezo cha mahali pa shamba ambapo watazamaji wa maonyesho watakuwa wakulima, wazazi na wanafunzi wa shule za msingi. Hao wote husoma Kiswahili. Onyesho likieleweka kwao litaeleweka popote nchini.

1. Kuukuu, chakavu au kongwe?

Kwanza yatubidi tuzitafutie kompyuta hizi jina. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kitu kilichokaa siku nyingi, wala maneno hayo hayalingani.

Kuukuu husemwa juu ya kitu kilichotumika hata nguvu zake zikapungua, kama vile nguo kuukuu. Chakavu ni kitu kilichochoka na kuharibika. Ndilo neno linalotumika sana katika orodha za mali za ofisi zinazosubiri kufutwa. Kitu cha kale ni cha zama zilizokwisha kupita, nalo neno hilo hutupeleka mbali mno. Ni vigumu kuita cha kale kitu kilichonunuliwa mwaka 1998. Neno kongwe lina heshima. Twasema mzee mkongwe, na Unguja kuna Mji Mkongwe. Kikongwe kimeishi miaka mingi, na umri wake ndio unaokipa thamani.

Tofauti hizi si za wanalugha peke yao. Mtunza ghala akiandika “kompyuta chakavu, 6” katika daftari lake, amekwisha kuzihukumu. Atakayesoma orodha hiyo hatakuwa na sababu ya kuuliza ndani yake mna nini. Akiandika “kompyuta kongwe, 1, chakavu, 5,” amewataka wakubwa wake waitazame ile moja kabla ya kuamua. Kwa hiyo twapendekeza neno kompyuta kongwe litumike kwa kompyuta iliyoacha kutumika katika kazi za kila siku lakini yafaa kuhifadhiwa kwa ajili ya historia. Neno kompyuta chakavu libaki kwa ile isiyo na faida hiyo.

Jina la mashine yenyewe limekwisha kutulia. Ngamizi lilipata kupendekezwa na kuandikwa katika kamusi. Tarakilishi limeshika Kenya, hasa mashuleni. Tanzania wengi husema kompyuta. Maonyesho yanaweza kuyataja yote matatu katika kadi moja ya maelezo, maana watazamaji hupenda kujua kwamba hata maneno hushindana.

2. Kompyuta zetu ni zipi?

Kosa ambalo mwandalizi wa maonyesho anaweza kulifanya upesi ni kunakili orodha za wenzetu wa ng’ambo. Huko Uingereza, miaka ya 1980, familia nyingi zilinunua kompyuta ndogo za nyumbani kama vile Sinclair ZX Spectrum ya mwaka 1982, na shule zikanunua BBC Micro iliyotoka mwaka 1981. Mtu aliyekua wakati huo akiona mchezo aliouchezea utotoni, moyo wake hufurahi. Kwa sababu hiyo maonyesho ya huko hujaa michezo ya kompyuta za nyumbani.

Historia yetu ilipita njia nyingine. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine iliyobuniwa Marekani na kampuni ya RCA kwa jina la RCA 301, kisha ikauzwa na kampuni ya Kiingereza ya ICT kwa jina lake yenyewe. Kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Mwaka 1974, baada ya taabu zilizotokea katika kuzitia hesabu hizo kwenye kompyuta, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Vizuizi hivyo vililegezwa katika miaka ya 1990.

Tokeo la historia hiyo ni wazi. Katika miaka ambayo wenzetu walikuwa wakijaza kompyuta ndogo majumbani, hapa kwetu zilikuwa chache, nazo zilikaa maofisini na vyuoni. Kompyuta kongwe ambayo mwalimu wa Kilosa anaweza kuipata ghalani leo yaelekea ni ya mwisho wa miaka ya 1990 au mwanzo wa miaka ya 2000, yenye Windows 95, Windows 98 au Windows XP. Ilikuja kwa kazi ya kuandika barua, kupanga alama za mitihani au kuweka hesabu. Akiionyesha kwa michezo ya Sinclair, ataonyesha utoto wa watu wengine.

3. Programu ya maonyesho yapaswa ifanye nini?

Ingawa hatupaswi kunakili orodha za wenzetu, twaweza kujifunza kwa namna wanavyofikiri. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Manchester, Uingereza. Tarehe 21 Juni 1948 mashine ndogo ya majaribio ya chuo kikuu cha huko iliendesha programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake yenyewe, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla ya siku hiyo. Programu hiyo ilitafuta namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 bila baki, ukiacha namba hiyo yenyewe. Jibu, yaani 131,072, lilipatikana baada ya dakika 52. Mashine hiyo ilijengwa upya mwaka 1998. Programu ile ya kwanza ina heshima kubwa ya kihistoria, lakini mtazamaji asiyeelezwa huona vitone vya mwanga tu. Heshima ya programu, basi, haitoshi. Hapana budi awepo mtu wa kueleza.

Mfano wa pili ni kompyuta ya Harwell, iliyoanza kazi mwaka 1951, nayo tangu mwaka 2012 inaonyeshwa ikifanya kazi huko Bletchley Park. Mashine hii huhesabu kwa taa ndogo za duara ambazo nuru yake huhama hatua kwa hatua, na kuzidisha namba mbili huichukua sekunde kadhaa. Upole huo ndio sifa yake katika maonyesho. Mtoto anaweza kuifuata hesabu kwa macho, jambo asiloliweza mbele ya kompyuta ya leo. Hapa twajifunza kwamba programu nzuri ya maonyesho hufichua kazi inayotendeka ndani.

Mfano wa tatu ni wa Marekani. Katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California, kuna mashine ya PDP-1 iliyofufuliwa, na watazamaji huonyeshwa mchezo wa Spacewar! ulioandikwa na vijana wa chuo cha MIT mwaka 1962. Mchezo huo ulizaliwa juu ya aina hiyo hiyo ya mashine, na mtu huuelewa mara tu akiona vyombo viwili vikifukuzana. Mashine na programu ni za zama moja, na mtazamaji anashiriki.

Kutokana na mifano hii twaweza kutaja masharti manne ya programu ya maonyesho:

(a) iwe ya zama za mashine yenyewe;
(b) ifanye kazi ambayo mashine hiyo ililetwa kuifanya, au iliyo karibu nayo;
(c) mtazamaji aone matokeo katika muda mfupi, na ikiwezekana ayasababishe kwa mkono wake;
(d) maneno yake yasomeke na mtazamaji, au yawepo maelezo yaliyoandikwa kwa lugha yake.

Sharti la nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Methali yasema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Hivyo wengi huchagua programu yenye picha nzuri kuliko zote, wasiulize kama mtazamaji ataelewa hata neno moja.

4. Mfano wa Mabwerebwere

Tuseme shule moja katika kata ya Mabwerebwere inayo kompyuta kongwe yenye Windows 98 ambayo bado inawaka, na siku ya mahafali wazazi watakuja. Ionyeshwe nini?

Pendekezo letu ni lahajedwali, yaani programu ya kupangia tarakimu katika safu na kuzikokotoa. Programu za aina hii zilianza kuenea mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II. Wafanyabiashara wengi walinunua kompyuta kwa ajili ya programu hiyo moja. Hata hapa kwetu hesabu ndiyo iliyoileta kompyuta mwaka 1965. Hivyo lahajedwali latimiza sharti la pili bila shida.

Sasa lijazwe nini? Mwandalizi asiingize takwimu za mauzo ya kampuni ya ng’ambo zilizokuja pamoja na programu. Aingize mvua. Mkazi wa Kilosa hahitaji kuelezwa maana ya mvua. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 yaliwahamisha watu wengi na kuiharibu reli ya kati. Shule ikiwa na kipimo cha mvua, wanafunzi wanaweza kuandika safu ya siku na safu ya milimita, na chini yake jumla ya mwezi. Pembeni iwekwe chati ya nguzo.

Mzazi akaribishwe akae kitini. Aambiwe abadilishe namba ya siku moja, tuseme kutoka 12 hadi 90. Mara hiyo jumla itabadilika, na nguzo moja ya chati itapanda juu ya nyingine zote. Hapo ataelewa kwamba namba moja ikiguswa, zote zinazoitegemea hujirekebisha zenyewe, na kwamba kazi hii karani angeifanya upya kwa kalamu. Pia ataelewa kwa nini ofisi ziliitaka mashine hii, na kwa nini kosa moja la kuingiza namba huweza kuharibu hesabu nzima. Hayo yote hayachukui dakika tatu.

Kando ya kompyuta liwekwe daftari la karatasi lenye hesabu ile ile iliyoandikwa kwa mkono. Kompyuta kongwe ikilinganishwa na simu ya leo huonekana dhaifu. Ikilinganishwa na daftari ambalo ilikuja kulisaidia huonekana ilivyokuwa.

Yapo pia mambo ya ufundi ambayo hayana budi kutazamwa mapema. Kompyuta nyingine zilizokuja kama msaada zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wetu ni wa volti 230, na swichi hiyo ikikosewa mashine huungua. Betri ndogo iliyomo ndani ikiisha, kompyuta husahau tarehe na kuonyesha mwaka ambao si wenyewe. Mtazamaji aelezwe, asidhani mashine imeharibika. Vile vile yaliyomo katika diski yanakiliwe kabla ya maonyesho, maana diski kongwe huweza kufa wakati wowote.

5. Programu za Kiswahili kama vitu vya historia

Mpaka hapa tumechukulia kwamba programu ni ya Kiingereza na maelezo ya Kiswahili yamo katika kadi pembeni. Lakini iko programu inayotimiza masharti yote manne kwa pamoja, nayo ilitengenezwa hapa nchini.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice. Hiyo ni programu ya ofisi yenye sehemu ya kuandikia, lahajedwali na nyinginezo, na maneno yake ya kwenye kioo ni ya Kiswahili. Katika miaka hiyo ya 2000 kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Kompyuta ya mwanzo wa miaka ya 2000 ni ya zama hizo hizo. Mzazi wa Mabwerebwere akiketi mbele yake ataisoma mwenyewe, bila mkalimani.

Iko faida nyingine kwa upande wa sheria. Programu ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwandalizi hapaswi kunakili ovyo programu za kuuzwa. Jambo OpenOffice ilitolewa kama programu huria, ambayo yeyote aruhusiwa kuinakili na kuigawa.

Hata hivyo sababu inayotugusa zaidi sisi wa istilahi ni hii. Anayetafsiri programu hawezi kukwepa neno. Katika kitabu mfasiri aweza kuzunguka dhana ngumu kwa kuieleza kwa sentensi nzima. Katika programu ana nafasi ya neno moja au mawili yanayotosha kwenye kitufe. Yambidi aamue jina la faili, la dirisha, la kuhifadhi, la kufuta, la kuhariri, naye huamua mamia ya maneno kwa muda mfupi. Baadhi ya maamuzi hayo yameshika na leo twayaona katika simu zetu. Mengine yalikataliwa na watumiaji, yakatoweka kimya kimya.

Maamuzi hayo yaliyotoweka yana faida kubwa kwa mtafiti, kwa sababu yaonyesha njia zilizojaribiwa zikashindwa. Pengine mahali pekee ambapo neno fulani limebaki ni katika diski ya kompyuta iliyomo ghalani, karibu na jembe na mabati. Diski ikifutwa, au mashine ikiuzwa kwa uzito wa chuma chake, hati hiyo ya lugha yetu imepotea, wala hakuna atakayejua kwamba ilikuwapo. Vitabu vya zamani tumekwisha kujifunza kuvihifadhi. Programu za Kiswahili bado hatujazitazama kwa jicho hilo.

6. Istilahi tunazozipendekeza

Kwa ajili ya wafasiri na waandalizi wa maonyesho, twapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe.

Programu onyeshi: programu iliyochaguliwa ili kudhihirisha uwezo na kazi ya kompyuta mbele ya watazamaji. Imeundwa kama mfumo endeshi, kutokana na kitenzi endesha. Hivyo onyesha hutoa onyeshi. Twajua kwamba baadhi ya waandishi hupendelea onesha. Lakini nomino maonyesho imekwisha kukaa katika lugha, na istilahi mpya ni vema ifanane na jamaa zake. Tumeepuka programu ya kuringia, ingawa watu husema hivyo kwa mzaha. Anayeringa hutaka atazamwe yeye. Anayeonyesha hutaka kitu kitazamwe.

Programu igizi: programu inayoifanya kompyuta mpya itende kama kompyuta kongwe. Imetokana na igiza. Programu igizi yafaa sana kuhifadhia na kufundishia pale ambapo mashine yenyewe imekufa. Ikitumika katika maonyesho, kadi ya maelezo iseme hivyo waziwazi, ili mtazamaji asidhani ameona mashine yenyewe.

Programu ya zama: programu iliyotumika katika miaka ambayo kompyuta inayoonyeshwa ilikuwa kazini. Tumeona neno zama lafaa kuliko asili, kwa kuwa programu ya asili huweza kueleweka kuwa ni ile iliyokuja na kompyuta siku iliponunuliwa, na hiyo ni dhana nyingine.

Kadi ya maelezo: karatasi ngumu iliyowekwa karibu na kitu kinachoonyeshwa, yenye jina lake, mwaka wake na kazi yake. Hapa hatukuona haja ya kuunda neno jipya. Maneno haya hueleweka mara moja.

Hitimisho

Tumejaribu kueleza kwamba kompyuta kongwe huonyeshwa vema pale inapofanya, mbele ya macho ya watu, kazi iliyoletwa kuifanya, na kwa maneno ambayo watu hao huyasoma. Kwa nchi yetu kazi hiyo ni hesabu na maandishi, na maneno hayo ni ya Kiswahili.

Yako mambo matatu ambayo msomaji anaweza kuyafanya bila kungoja fedha wala agizo. Mtumishi mwenye dhamana ya ghala, kabla ya kuandika neno chakavu, aiwashe kompyuta kwa uangalifu, au amwite fundi aiwashe, atazame kama ina programu ya Kiswahili. Mwalimu aliye nayo anakili kwenye karatasi maneno yaliyomo katika menyu zake, moja baada ya jingine, pamoja na jina la programu na mwaka wake. Mfasiri naye ayalinganishe na maneno yanayotumika leo, aulize yapi yamebaki na yapi yameachwa, na kwa nini. Orodha ya namna hiyo, hata ikitoka katika shule moja ya Kilosa, ni mali ya kazi hii ya istilahi, nasi tutafurahi kuisoma.